Mdhamini Asiye na Kazi

Kiwanda cha viti vya magari kilipofungwa, mshonaji hakumwambia mumewe. Mume huyo, fundi wa friji, alikuwa bado katika nchi walikozaliwa. Tangu wafunge ndoa walikuwa wamekaa pamoja siku arobaini na moja tu. Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya simu. Kila jioni, kabla ya kumpigia, mshonaji alivaa aproni ya kiwanda, akaketi jikoni, akajifanya ndiyo kwanza anarudi.

Aliogopa fomu ya kumdhamini mumewe ahamie kwake. Ukurasa wa nne uliuliza: mdhamini anafanya kazi wapi, na mshahara wake ni kiasi gani? Asipojibu, mumewe angepataje ukaazi wa kudumu?

Siku moja mumewe alimtazama kwenye simu, akacheka. "Mke wangu, siku hizi mnashona hata Jumapili?"

Aproni ikamsuta. Alilia, akasema yote.

"Kumbe ni hilo tu," mumewe alisema. "Mimi nilidhani umenichoka. Unaongea na mimi kama mtu anayesubiri basi."

Kesho yake mshonaji akaenda ofisi ya uhamiaji. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliusoma ukurasa wa nne.

"Kukosa kazi si kosa, mwanangu. Tunachotaka kujua ni mtakula nini akifika. Akiba ipo?"

"Ya miezi mitano."

"Inatakiwa ya mwaka. Tafuta ndugu mwenye mshahara, asaini kama mdhamini wa pili. Ila umwambie ukweli: mkikwama, yeye ndiye atakayebanwa."

Ndugu alikuwa mmoja tu, kaka yake, dereva wa lori la maziwa. Harusini hakuja. Alisema fundi yule anaoa karatasi za ukaazi, haoi mke, na tangu hapo hawakusemeshana.

Alimkuta kwenye yadi akiosha lori. Kaka alimsikiliza bila kufunga maji.

"Mpigie huyo mtu wako. Weka spika."

Mumewe akapokea.

"Shemeji, dada yangu hana kazi," kaka akasema kwa sauti kavu. "Hana mbele wala nyuma. Bado unataka kuja?"

"Hata wakininyima hiyo karatasi leo, mke wangu ni huyo huyo," fundi akajibu. "Akipika namwomba asikate simu, nisikie tu sufuria zake. Najua hadi bomba lake linavuja, na mimi niko huku, siwezi hata kulikaza."

Kaka akafunga maji, akamgeukia dada yake. "Linavuja?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, nawe hunisemeshi?"

Kaka akajifuta mikono kwenye suruali, akaomba kalamu.

Faili lilipokewa wiki ile ile. Miezi saba baadaye, mshonaji akiwa amepata kibarua cha kupunguza mapazia, barua ikaja: sharti la kipato limetimia. Bado vipimo vya afya, bado usaili, na foleni ya usaili ilikuwa ndefu.

Alimsomea mumewe barua nzima.

"Rudia pale penye majina yetu," mumewe akasema. "Yapo kwenye mstari mmoja?"

"Mstari mmoja. Langu, kisha lako."

"Rudia tena."

Alirudia, polepole. Kisha akaupiga picha mstari ule peke yake, akamtumia.