Namba Saba kwenye Orodha ya Makabidhiano

Jumatatu saa mbili kasorobo karani mpya alifika kwenye ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi ya chuo kikuu, akiwa na bahasha ya nakala za vyeti, picha nne za pasipoti na viatu vinavyombana. Tulimpokea vizuri. Tulimwonyesha meza, tukampa orodha ya makabidhiano aitie sahihi, tukaenda kunywa chai. Ndiyo mafunzo elekezi yetu hayo, na yana kamati.

Orodha ilikuwa na vitu vinane. Meza, kiti chenye mguu uliofungwa waya, stepla, muhuri, kabati, feni. Namba saba ilisema: mwanafunzi mmoja, dirishani, hali nzuri. Namba nane ilikuwa ndoo ya taka. Alisaini kila mstari, kama tulivyosaini sote kwa zamu zetu.

Mwanafunzi alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuja kuchukua hati yake ya matokeo, mmoja wetu akamwambia asubiri hapo kidogo, na kijana wa watu alikuwa na adabu. Mwaka wa pili nyayo zake zilianza kuzama sakafuni. Mwaka wa tano chuo kilipoweka vigae, fundi alivikata kuzunguka viatu vyake, kazi safi kabisa, tukampongeza. Kila Ijumaa mhudumu humfuta vumbi mabegani.

"Karibu, dada," mwanafunzi alimwambia karani. "Mashine ya fotokopi usiibembeleze, igonge ubavuni. Bosi usimpelekee karatasi kabla ya saa nne. Na droo ya pili ya meza yako inakwama. Inyanyue ndipo uivute."

Karani aliandika yote kwenye daftari. Kusema kweli, hata sisi kazi tulifundishwa naye. Hakuna kati yetu anayejua fomu ya njano inapelekwa wapi bila kuchungulia dirishani kumuuliza. Aibu? Mwanzoni ilikuwepo.

Alhamisi alikuja mama yake mwanafunzi na mkasi, akapanda juu ya kigoda, akampunguza nywele. Mvi kadhaa zilianguka, akaziokota haraka mwanawe asizione. Kisha akasogea dirishani.

"Wewe ni mpya, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kila anayekuja hapa namwomba hili hili, usinichoke. Nataka nimwone ameketi. Kwangu, kwenye kiti, anakula. Basi. Goti hili halitapanda ngazi zenu miaka mingine kumi."

Karani alimwahidi kwamba atajitahidi, na maskini, alimaanisha.

Mchana huo aliinyanyua droo ya pili, akaivuta. Mwanafunzi alikuwa akimtazama kupitia kioo. Chini ya kalamu zilizokauka kulikuwa na hati yake ya matokeo, imechapwa, imesainiwa, imekosa muhuri tu. Karani alikimbia nayo kwa bosi. Bosi akamweleza kwa upole kwamba muhuri hupigwa na mtumishi aliyethibitishwa kazini, naye bado ana miezi sita ya majaribio.

"Na walionitangulia kwenye meza ile?"

"Walithibitishwa, wakapewa meza nyingine. Waulize hao."

Hakutuuliza. Sote tuliinamia mafaili, na siku hiyo tulifanya kazi kwelikweli.

Alisubiri miezi sita, akizihesabu siku kwa penseli ukutani. Asubuhi ya mwisho alishindwa kuingoja barua ya kuthibitishwa kazini. Aliitoa hati, akafungua kidau cha wino, akaushusha muhuri mpaka ukabaki unene wa ukucha juu ya karatasi. Vigae vikapasuka. Kisigino cha kulia cha mwanafunzi kilinyanyuka. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Bosi akaingia, barua hiyo mkono mmoja, orodha mkono mwingine.

"Kabla sijasaini, tuhesabu. Moja mpaka sita, vipo. Namba saba?" Akatazama dirishani, akaona kisigino. "Huyu akiondoka, aliyesaini ni wewe. Na Jumatatu anakuja karani mpya. Nani atamfundisha? Hawa?"

Alitunyooshea kidole. Tukaangalia vikombe vyetu.

Kazi hii karani aliitafuta miaka minne. Muhuri ulining'inia juu ya karatasi kwa muda mrefu, na sisi, jamani, tuliujua uzito wake. Kisha akaurudisha muhuri kwenye kidau, akafunika. Kisigino kikashuka taratibu mahali pake.

"Yupo," alisema.

Bosi akasaini. Tukapiga makofi, mmoja wetu akampa biskuti. Hakuila.

Jumatatu akapewa meza ya ndani, karibu na birika la chai. Alipita mbele ya dirisha na katoni yake, macho chini. Pale pale karani mpya alikuwa anamaliza kusaini namba nane.

"Karibu, kaka," mwanafunzi alisema. "Mashine ya fotokopi igonge ubavuni. Bosi mpaka saa nne. Na droo ya pili inakwama. Inyanyue ndipo uivute." Akasogeza uso karibu na kioo. "Inyanyue, kaka. Tafadhali."

Karani mpya aliandika kwenye daftari. Sisi tulikuwa tumeshakwenda kunywa chai, na safari hii tulikuwa na mwenzetu mmoja zaidi.