Sema Unaweza

Tangu meneja alipoleta mwalimu wa Kiingereza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, machale yalikuwa yakimcheza Mama Pasi. Hoteli isiyowahi kumpa mfuaji hata kipande cha sabuni ya kuogea, leo impe elimu ya bure? Na mwalimu mwenyewe, kila akimaliza kipindi, badala ya kwenda zake, huyo, anapanda ofisini kwa meneja kunywa chai. Chai ya nini?

Hofu yake ilikuwa na sababu. Bega la kulia lilikuwa limekwisha. Kupiga pasi aliweza, kwa kujikaza kisabuni, lakini kunyanyua tenga la mashuka mabichi hakuweza tena, na hapo hotelini mfuaji asiyenyanyua tenga unga wake umemwagika. Aliyeijua siri hiyo ni mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa mume wake, waliyekuwa wakifua pamoja. Meneja akitokea, wifi ndiye aliyelidaka tenga na kuondoka nalo huku akiimba. Mtu akikufanyia hivyo utamwita nani kama si ndugu?

Masomo ya kwanza yalikuwa ya adabu. Mgeni haambiwi "give me", mwalimu alisema, hiyo ni amri. Anaambiwa "could you". Ukitaka kuingia chumbani kwake, anza na "may I". "Can I" nayo si tusi, ila hiyo ambianeni nyinyi kwa nyinyi. Wafuaji wakaanza kuombana sabuni kwa heshima kama wakwe, na hata Mama Pasi alicheka kidogo.

Kisha likaja somo la uwezo. Mwalimu alitangaza kwamba kesho yake ataita mmoja mmoja kwenye stoo ya mataulo, amuulize "can you" hivi, "can you" vile, na kila mtu ajibu kwa maisha yake ya kweli.

"Mmoja mmoja, tena mlango umefungwa," wifi, aliyetoka kufagia ofisi ya meneja, alimnong'oneza wakikunja mashuka. "Huyo katumwa, wifi yangu. Anatafuta nani mzima, nani mbovu. Wewe sema unaweza. Chochote akuulize, unaweza."

"Hata kama ni uongo?"

"Uongo wa darasani nao ni uongo?"

Basi Mama Pasi aliingia stoo roho mkononi. Aliulizwa kama anaweza kuogelea. "Yes, I can," akajibu, yeye ambaye hajawahi kuingia maji yaliyompita magoti. Kuendesha lori? Anaweza. Mwalimu alitabasamu, akamwambia kwa upole kwamba "I can't" nayo ni jibu, wala si aibu. Mama Pasi akajiambia, ahaa, mtego wenyewe ndio huo. Alipoulizwa kama anaweza kunyanyua tenga lililojaa, alijibu kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Somo la mwisho lilikuwa la "might", la jambo ambalo huenda ni kweli na huenda si kweli. Mwalimu alitaka mifano. Mama Pasi alikuwa nao mmoja, wa mwalimu mwenyewe, akaumeza.

Halafu meneja akawakusanya. Dirisha la kugawia mashuka limewekewa kiti, alisema. Anatakiwa mtu wa kukaa, kupokea na kutoa, mshahara uleule, na ameona ampe yule ambaye mwili umechoka. Mwalimu ndiye aliyemsaidia kumjua, "maana mimi nikiwauliza, wote mnajitia chuma." Kiti akapewa wifi, aliyesema hawezi kunyanyua kwa sababu ya mgongo. Mama Pasi, kwa kuwa anaweza kila kitu, Jumatatu ahamie mashine kubwa, ile ya kulishwa matenga kutwa.

Mgongo! Mgongo gani, uliobeba matenga asubuhi ileile? Hapo ndipo Mama Pasi alipokumbuka nani anafagia ofisi ya meneja kila siku, na nani husikia ya mle kabla ya wote. Alikuwa amemshuku mtu siye. Hasira zikampandisha ngazi hadi ofisini.

"Bosi, nilidanganya. Siwezi. Bega langu limekufa."

"Leo, baada ya kiti kupata mwenyewe?" Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amezoea kudanganywa. Akaagiza wifi aitwe. "Mnafanya kazi pamoja, na ni ndugu yako. Ana bega bovu?"

Wifi alitazama sakafu. Mikono yake ndiyo iliyokuwa ikilikanda bega hilo kila jioni kwa maji ya moto, na jana tu alisikitika kwamba limezidi kuvimba.

"Huenda linamuuma," akasema. "Mimi siwezi kujua."

Meneja alisema kwa "huenda" hawezi kumwondoa mtu kitini.

Kwenye ngazi, wifi alimfuata nyuma. "Leo nitakuja mapema nikukande."

"Usije," alisema Mama Pasi, akaendelea kushuka, mkono wa kushoto ukishika ukuta.