Mguu wa Mkamwana

Maji ya karai yalikuwa yameanza kupoa, na mkamwana wangu Gladness, mama wa mjukuu wangu Queen, alikuwa bado hajavua kiatu. Nilishika taulo kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Siku mbili tu kabla ya hapo nilikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mkolani, mzee niliyejifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini, kwenye masomo ya jioni, baada ya zamu ya kiwanda cha pamba. Juma Kuu lile, mwaka juzi, niliamua tukutane kila jioni, leo kwa huyu kesho kwa yule, tusome maneno ambayo Yesu aliyasema Yerusalemu siku zake za mwisho. Nilisoma mwenyewe. Na kwa kuwa kiuno kilinisumbua (ndivyo nilivyosema), vijana walinibebea kiti changu cha mito kutoka nyumba hadi nyumba.

Jumatatu nikafika pale Yesu anapowasema wakubwa wa dini wanaopenda viti vya mbele na kuamkiwa sokoni. Sauti yangu ililia kama kengele. Gladness akacheka. Alijaribu kukizima kicheko kwa khanga, kikachomoka pembeni. Watu wakatazama kiti changu, nao wakacheka.

Kesho yake aliponipigia goti, "Shikamoo Baba," sikuitika. Jioni pia sikuitika. Jumatano asubuhi mwanangu Nestory, mumewe, akaniambia bila kunitazama, "Baba, kesho tunapanda meli ya Nansio. Mama Queen anakwenda kula Pasaka kwao. Sijui kama atarudi."

"Safari njema," nikajibu. Moyo ulikuwa na lake la kusema, sikuupa nafasi.

Jioni hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yangu, na nilikuwa nimepanga tuoshane miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Niliandika majina kwa mwandiko wangu mzuri, nikayatia kwenye bakuli, nikatangaza: "Utakayemwokota ndiye utakayemwosha. Hakuna kubadilishana!" Sikukumbuka kuwatenga wakwe.

Nikaokota. Gladness.

Kwetu Usukumani baba mkwe na mkamwana hawagusani. Hata kikombe cha chai hukiweka mezani, nikakichukua mwenyewe.

"Haijapata kuonekana!" Bibi Sabina akasema.

"Tubadilishane, Mwenyekiti," akadakia Mashimba. "Mimi nimempata Maige. Miguu ina magamba utadhani sato."

"Ya kwako imewahi kuona maji?" Maige akamrudishia.

Watu wakaangua kicheko. Wangenisamehe, mila ingenitetea. Lakini nilimwona Gladness akivuta mkoba wake, kama mtu aliyekwisha kupewa jibu. Nikawaza: Yesu alijua kesho yake anakufa, bado akatafuta taulo. Mimi kesho yangu ilikuwa nyumba tupu, na haki yangu yote mkononi.

Nikapiga magoti. Yalilia kama mlango wa ghala.

"Mama Queen, lete mguu."

"Baba, ni mwiko."

"Ni mwiko. Kutoitikia salamu ya mwanangu nako ni mwiko, na huo niliuvunja bila kuombwa."

Akavua kiatu. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na kovu.

"Hili nini?"

"Ndoano, Baba. Nilikuwa na miaka saba."

Miaka mitano tumeishi nyumba moja! Nikauosha mguu ule polepole, na mwenzake, nikaikausha kati ya vidole. Sabina akapiga kigelegele. Nilipotaka kuinuka nikashindwa, Gladness akanishika kwapani kwa mikono yote miwili akaninyanyua, na paa halikutuangukia.

"Baba Queen," akamwita mumewe, akiwa bado amenishikilia, "mpigie mama yangu simu. Mwambie Pasaka hii aje yeye huku."

Nestory akatoka uani kutafuta mtandao. Tulimsikia akipaza sauti, akirudia, akicheka. Mimi nikabeba karai, nikaenda kumwaga maji, nikaleta mengine ya moto kwa ajili ya Maige.