Jiwe Lililofuata Jiwe

Régina alifundisha fizikia mjini Kasongo. Mume wake, Dady, alikuwa mchimba dhahabu, na kila Régina alipomfuata, Dady alikuwa amekwisha kuhamia machimbo mengine. Alimkosa kwenye machimbo ya Lusangi; sasa Régina alikuwa njiani kwenda yale ya Salamabila. Akiwa amepakiwa kwenye pikipiki ya Serge, dereva aliyemkodi, upepo ulimlegeza macho, akasinzia.

Akaota ameshika jiwe la masi hasi, yaani lenye masi iliyo chini ya sifuri, kitu ambacho wataalamu wamekiwaza tu. Alidhani litapaa. Alipoliachia, likaanguka kama jiwe lolote. Alipolisukuma, likamjia. Akaliweka kando ya jiwe la kawaida: la kawaida likaanza kulikimbia, nalo la masi hasi likalifuata, kwanza polepole kisha mbio, yakavuka vilima bila kuchoka wala kukutana.

Akazinduka.

“Mama, tunakaribia,” Serge alisema.

“Geuza, papa,” Régina alimwambia dereva. “Turudi Kasongo.”

Serge akasimamisha pikipiki. “Na bwana yako?”

“Njia ya nyumbani anaijua. Akitaka kuja, iko wazi.”

Serge akageuza. Régina alingoja machozi, hayakuja. Alisikia njaa tu, na hamu ya mhogo wa kuchoma, huku vilima vikipita taratibu pembeni yake.