Mikono Isiyovaa Glovu

Kagaruki alipoizima pikipiki ya ofisi mbele ya nyumba yake, Kamachumu, vidole vyake vilikataa kuachia usukani. Mkewe, Kemilembe, akatoka kuja kuvibandua kimoja kimoja, kama alivyofanya kila Jumamosi. Kila Ijumaa Kagaruki alishuka Bukoba mjini kutoa taarifa, na kesho yake alfajiri alirudi. Kando ya ziwa safari haina matata, lakini mtu akianza kuupanda mlima wa Kamachumu, ukungu humwingia mpaka kwenye mifupa. Ofisi ilikuwa imempa koti, kofia na filimbi. Glovu zilikuwa za maafisa, ambao walisafiri kwa gari.

Kemilembe alimketisha jikoni, akampaka samli, akamsugua karibu na moto. Damu iliporudi ndipo mikono ilipoanza kuwasha, na iliwasha vibaya, mtu mzima akatamani kulia. Akajikuna. Pale alipojikuna, kati ya vidole viwili vya mkono wa kulia, yakachomoza maua meupe ya kahawa, harufu yake ikajaa jikoni.

"Haya ni ya nani?" Kemilembe aliuliza.

"Ya Ma Benadetha, nadhani. Mti wake tuliung'oa Alhamisi."

"Basi usijikune tena hapo. Utayapukutisha."

Mwaka ule ofisi ilikuwa imeamua kwamba kahawa ikae kwa mstari. Watu walikuwa wameipanda katikati ya migomba, mti mmoja hapa, mwingine pale penye kivuli, na ofisi haikupendezwa. Mti uliokosa mstari uling'olewa. Vibarua walichimba, ila kabla ya jembe, amri ilitaka msaidizi wa bwana shamba avunje tawi la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, ili mwenye kibanja, shamba lile la migomba la nyumbani, ajue kwamba ni Serikali. Msaidizi huyo alikuwa Kagaruki. Alivunja polepole, na kila mara aliomba radhi kwa Kihaya, afisa asielewe.

Usiku maua yalifunga matunda, na asubuhi yakawa mekundu. Ma Benadetha, mjane jirani yao, alipita akitoka kanisani, kikapu chake kidogo mkononi. Wiki ile alitarajia wakwe, na kwao mgeni asiyepewa akamwani, zile buni za kuchemsha na kukausha ambazo hutafunwa, huondoka akijua amefukuzwa.

"Kamwaka, Ta Kagaruki," alimsalimu kwa Kihaya. "Nyoosha mkono, mwanangu."

Alichuma, akaonja moja. "Ni wangu," alisema. "Ule wa nyuma ya jiko."

Alishukuru, akaenda zake. Hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma Kagaruki kuliko kuwashwa.

Nyuma ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na mti ambao Kagaruki hakuutaja ofisini. Aliupanda kwenye kichwa cha kaburi la Joviana, binti yao, aliyekufa kwa surua kabla hajamaliza kuota meno. Kiangazi Kemilembe aliunywesha mti huo kabla ya kunywa yeye. Ulikuwa umekosa mstari kabisa, maana kaburi halikuchimbwa kwa kufuata kamba. Kila siku Kagaruki aliuacha uwe wa mwisho, na kila siku jua lilikuchwa kabla hajaufikia.

Hatimaye afisa alikuja mwenyewe kukagua, akauona.

"Na huu?"

"Ni wa mtoto, bwana."

"Mtoto akikua atapanda mwingine, kwa mstari." Kagaruki hakusogea. "Kama unaona vigumu," afisa aliendelea kwa upole, "kibarua atavunja."

Kemilembe alitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi, akasimama karibu na mumewe, akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini:

"Vunja wewe, Baba Joviana. Asivunje mwingine, mtoto akaota kwenye mkono tusioujua."

Akavunja. Alilia waziwazi, na afisa akageuka kutazama migomba. Wakati wa kuagana aliiona mikono ya Kagaruki, matunda ya miti aliyowavunjia watu wa bondeni yakiwa yameshika viganjani.

"Hiyo nayo haina mstari," alisema.

Alikuwa na utu wake. Alivua glovu zake za ngozi, zenye manyoya ndani, akampa.

Jumamosi iliyofuata moto ulikuwa tayari na samli imeyeyuka. Mikono ilitoka kwenye glovu ikiwa na joto, laini, mitupu. Kemilembe aliishika kwa muda mrefu, akiigeuzageuza.

"Haiwashi hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Vizuri," alisema, akaifunika samli.

Kagaruki hakuwahi kusikia neno hilo likisemwa kwa huzuni namna ile. Usiku ule usingizi ulimpaa.

Wiki ya pili yake alizifunga glovu kwenye usukani, moja kila upande, ili ofisi ikiuliza ione zipo. Akaupanda mlima mikono mitupu, katika mvua ya mawe. Kemilembe alivibandua vidole, akapaka, akasugua, wote wawili wakingoja. Mikono ikawasha. Kwenye shina la kidole gumba cha kushoto likachomoza ua moja, dogo kuliko yote waliyowahi kuyaona.

Hakuna aliyejikuna. Kemilembe aliupakata mkono ule, akausimulia habari za nyumbani: mbuzi amezaa, bibi anasalimia, kile kigoda cha mtoto bado kipo. Jumapili ua halikufunga tunda kama mengine. Lilikuwa bado changa.

Jumatatu Kagaruki alikwenda Kishanda, ambako miti mingi ilikuwa imekosa mstari. Aliivunja yote kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliufumbata ndani ya koti.