Shati Lisilokauka

Kila jioni, baada ya kufunga meza yake ya mikate, Kabedi alipita kwenye hangari kuukuu la mtaa wa Panda, akaweka beseni chini ya shati la mumewe, akalikamua. Humo mlikuwa na kazi ya sanaa, mashati yaliyoachwa na watu walioondoka Likasi kwenda kuvuka bahari, na yalining'inia makavu kwenye nyaya. La mumewe, Banza, peke yake lilitoa maji, nayo yalikuwa ya chumvi kama ya bahari.

“Mama, bwana yako alikunywa maji mingi jana,” alisema Dodo, mlinzi.

“Ule hajuaka kipimo.”

Nyumbani aliyachemsha yale maji mpaka yakakauka, chumvi ikabaki chini ya sufuria. Kopo la chumvi lilipojaa, alilipeleka kwa Barthélemy, kaka mkubwa wa Banza, ili ndugu wakae kilio cha kumwomboleza. Bila kilio hakuwa mke wala mjane. Hata kanisani hakujua akae benchi la wake au la wajane.

Barthélemy alichovya kidole, akaonja.

“Ni yeye,” alisema. “Lakini kilio bila mwili, shemeji? Tutazika chumvi? Bantu batatucheka.”

Kabedi akamwendea Viviane, msanii aliyeyakusanya mashati. Aliomba jina tu, liandikwe kwenye kikaratasi cha shati kilichosema “Msafiri”.

“Mama Kabedi, nikiandika Banza, itakuwa Banza tu. Vile iko, ni bantu bote.”

“Miye sikuolewa na bantu bote.”

Viviane aliyapenda sana maneno hayo. Aliyaweka kwenye ukurasa wa kwanza wa katalogi ya maonyesho, bila jina la aliyeyasema.

Kisha mashati yakaalikwa Ulaya. Banza alikuwa ameomba viza mpaka soli za viatu zikaisha, ndipo akaondoka bila viza. Shati lake lilipata karatasi zote kabla ya Jumapili. Lilipita juu ya bahari ndani ya sanduku, limefungwa nailoni lisije likalowesha mengine.

Kabedi alirudi hangarini kwa mazoea. Waya ulikuwa mtupu, na pale lilipokuwa shati la Banza palikuwa pakidondoka maji. Dodo alikuwa amekwisha kuweka beseni.

“Leo hakunywa mingi,” alisema.

Usiku ulipoingia, Kabedi alisonga bukari, ugali wake, akatia chumvi ya Banza kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akala peke yake. Ilikuwa imekolea. Jumapili, kanisani, alisimama mlangoni.