Bahasha ya Warre

Mimi ni mpishi wa kambi ya skauti, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule niliiacha mapema nikaingia gereji, na kila Julai likizo yangu huisha nikiwapikia vijana wa mji wetu, Lokeren. Mwaka huu tulipiga mahema Zelandi, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya tuta la kuzuia bahari, kwenye malisho ya mkulima mmoja.

Siku ya sita kila kikosi hutoka peke yake kwa matembezi ya siku mbili, bila kiongozi, na ramani tu. Simu za vijana huwa tunazifungia kwenye mkebe wa biskuti. Kila kikosi hupewa moja ya dharura, imezimwa, ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri. Lakiri naipiga mimi. Anayeivunja bila sababu ya maana huosha sufuria.

Mwaka jana Warre aliivunja. Alikuwa na miaka kumi na nne, yeye na wenzake wamelowa, wamepotea msituni, akampigia mama yake. Nikamchongea mwiko wa mbao, nikachoma juu yake maneno "Mtoto wa Mama", nikamvalisha shingoni kwa kamba. Aliuvaa siku nne. Kambi nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, nikadhani yameisha.

Safari hii yeye ndiye aliyeongoza kikosi. Asubuhi ya kuondoka alikuja jikoni kuchukua mikate.

"Anko Gust, mwiko wangu bado unao?"

"Nimeupaka mafuta. Unakungoja."

"Utangoja sana."

"Mama ameambiwa asizime simu?"

Wenzake wanne wakaangua kicheko. Warre alitia bahasha kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga na kuutupia kwenye shanta lake. "Nitakurudishia ikiwa na lakiri yako, wewe mzee."

Kesho yake alasiri vikosi vyote vilikuwa vimerudi isipokuwa chake. Bram, kiongozi wa kambi, kijana wa miaka ishirini anayesomea ualimu, alikuwa akizungukazunguka jikoni.

"Wangekuwa na shida wangepiga, au siyo, Anko?"

"Wangepiga," nikasema, nikaendelea kumenya viazi.

Saa kumi na moja na nusu helikopta ilipita juu yetu, chini sana, ikielekea upande wa maji.

Fien, mmoja wa wale wanne wa Warre, alitusimulia, mimi na Bram, akiwa amefunikwa blanketi nyumbani kwa mkulima. Walitaka kufika wa kwanza. Walikata njia kwenye tope nje ya tuta ili kuokoa kilomita saba. Bahari ilikuwa imekupwa mbali, kisha ikaanza kujaa. Mkondo wa mbele ulijaa, na wa nyuma nao ukajaa. Wakasimama kwenye kilima kidogo cha nyasi.

"Mlisimama muda gani?" Bram akauliza.

"Kama saa nzima. Nilimwambia afungue bahasha. Sander naye alimwambia. Akasema maji yakifika magotini atafungua. Yalipofika magotini akasema havai tena ule mwiko, ataenda kutafuta pa kuvukia." Fien alinitazama. "Alienda na shanta."

Tope lilimshika miguu katikati ya mkondo. Waliobaki walionwa na bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa tutani, naye akaita helikopta. Warre alipatikana asubuhi, maji yalipotoka.

Polisi alipanga vitu vyake juu ya meza yangu ya kukatia nyama: viatu, ramani, mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko bahasha ilikuwa kavu, lakiri nzima. Nje kwenye malisho akina baba waliokuja kuwachukua vijana wao walikuwa wakisema kwa sauti kwamba watoto walikabidhiwa mtoto mwenzao. Bram aliwasikia.

Hilde, mama yake Warre, aliishika ile bahasha akamgeukia Bram.

"Simu alikuwa nayo. Kwa nini hakupiga?"

"Sijui, mama."

Alijua. Hakunitazama hata mara moja. Ningenyamaza, kosa lingebaki shingoni mwake.

"Ni kwa sababu yangu," nikasema. Nikamweleza Hilde yote, na yale ya asubuhi ya kuondoka pia.

Hakunipiga. Nilitaka anipige.

"Uko wapi?"

"Nini?"

"Huo mwiko."

Ulikuwa kwenye msumari kando ya jiko. Aliusoma, akapitisha kidole gumba juu ya herufi, akatazama mafuta yaliyobaki kidoleni. Kisha akaninyooshea.

"Mazishi ni Jumamosi, saa nne. Utauvaa."

Niliuvaa, juu ya suti, benchi la mbele, Hilde kushoto kwangu. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Walioweza kusoma maandishi waliyasoma, na hakuna aliyecheka.